Nambari Thelathini na Moja

Shemeji zangu walipokuja kuchukua mwili wa mume wangu kuupeleka kwao magharibi, walichukua pia kabati, redio na viti vinne. Mkebe wa biskuti hawakuutaka. Mmoja wao aliufungua, akaona noti za kikoloni zenye vichwa vya wafalme, akaniuliza kama benki bado inazipokea. Nilimwambia benki iliacha kuzipokea tangu tukiwa wadogo. Akaufunga, akaurudisha juu ya cherehani yangu.

Niliporudi mtaani kwetu Mowlem baada ya mazishi, chumba kilikuwa na kitanda, cherehani, ule mkebe, na kitabu kimoja kinene kilichofunikwa kwa karatasi ya kalenda. Hatukujaliwa watoto. Vitu hivyo ndivyo vilivyobaki kuonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuishi nami miaka kumi na tisa.

Lakini kilichokuwa kikinikosesha amani hakikuwa chumba kitupu. Kabla ya safari ya mazishi, majirani na watu wa kanisa walikuwa wakikusanyika mlangoni petu kila jioni kwa maombi na mchango wa jeneza. Walikuja hata watu ambao mume wangu hakuwapenda. Mtu mmoja hakuja, naye ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote: mzee mmoja kutoka Ukambani, mchongaji wa vinyago, aliyekuwa akiishi Pumwani. Alimtuma mchongaji mwenzake badala yake. Yule mtu alisimama katikati ya watu, akaviangalia viatu vyake, akasema alichotumwa.

"Mzee anasema hawezi kukaa kwenye kikao cha kumsifu mtu aliyemwibia."

Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai aliacha kumimina. Kisha mtu akaanzisha wimbo, haraka, kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani. Sikujua kama ni kweli.

Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kujua kila kipuri kinakaa rafu gani na kinaitwaje. Jioni alikuwa na mapenzi mengine, ya noti za zamani. Alianza na moja tu, aliyoikuta ndani ya Biblia ya marehemu mama yake, kisha akaanza kuzitafuta kwa wazee, kwa wauza vitu chakavu, na kwa wajane wenye masanduku. Hapo ndipo alipokutana na mchongaji, ambaye naye alikuwa akizikusanya. Jumapili baada ya kanisa mume wangu alikuwa akitembea hadi Pumwani, au mzee akija kwetu, nao wakikaa saa nzima wakitazama karatasi moja bila kusema lolote. Niliwacheka. Niliwaambia wanafanana na watu wanaosubiri noti izae.

Hapa nieleze jambo la nambari, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kila noti ina nambari yake iliyochapishwa, hiyo ni ya benki. Wakusanyaji wana nambari nyingine. Mtu fulani Ulaya aliorodhesha aina zote za noti zilizowahi kutumika huku kwetu, akaipa kila aina nambari, akachapisha kitabu. Wanakiita katalogi. Mkusanyaji hasemi nina shilingi tano ya mfalme fulani. Anasema nina nambari fulani, na mwenzake anaelewa. Shida ni kwamba katalogi zilikuwa mbili. Mzee alikuwa na ile ya zamani. Mume wangu alikuwa na mpya.

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka uliotangulia kifo, walibadilishana noti nyumbani kwetu. Nilikuwa nikipika chapati. Mzee alitoa noti ya florini, pesa iliyotangulia shilingi, ya siku za mwanzo kabisa, iliyokuwa ya baba yake. Baba yake aliificha ndani ya pembe ya ugoro mpaka akafa, na hiyo noti ilikuwa ikinuka ugoro hata ukiwa mlangoni. Alichotaka mzee badala yake ni shilingi tano ya wakati wa vita, ile isiyo na jina la mchapishaji kwenye ukingo wa chini; aliiomba kwa nambari tu, thelathini na moja. Alikuwa dereva wa jeshi akiwa kijana, na mshahara wake wa kwanza alilipwa kwa noti kama hiyo. Alitaka kushika nyingine kabla macho hayajafa kabisa, maana yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mume wangu alimpa shilingi tano ndani ya plastiki, na lebo iliyoandikwa kwa mkono wake: 31. Mzee akaiweka karibu na pua, akaona namba, akatabasamu. Walikula chapati zangu.

Siku chache baadaye nilimkuta mume wangu ameiosha ile florini kwa maji ya uvuguvugu ili kutoa madoa, ameilaza kati ya taulo mbili dirishani. Nilimwambia ameiua harufu ya watu. Akasema harufu haina nambari.

Miezi ilipita, mzee akaipeleka noti yake kwa mwenye duka mmoja mjini, akaambiwa ni ya kawaida tu, ina jina la mchapishaji waziwazi, ziko nyingi. Akaja kwetu akiwa amekasirika. Mume wangu alisema 31 ni 31, akamwonyesha kitabu chake. Mzee hakuweza kukisoma. Aliondoka na hakurudi tena. Mume wangu hakulizungumzia tena, na mwaka uliofuata ini lake likamwangusha.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda Pumwani kwa miguu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, akipiga msasa twiga wa mbao kwa kumpapasa. Nilimsalimu shikamoo. Aliitikia bila kuacha msasa. Nilimwomba aniazime kitabu chake.

"Cha nini, mama?" aliuliza. Zamani alikuwa akiniita shemeji.

Nilimwambia nataka kuona kilichotokea. Mkono wake ulizunguka shingo ya twiga. Mwishowe akamwita bintiye akilete.

"Mimi kimeshanishinda," akasema. "Kisome wewe. Ukishaona alichonifanyia, urudi uniambie. Usimtume mtu."

Nilikubali. Hilo ndilo agano letu, na sikulifikiria sana wakati ule.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maelekezo ya vitambaa na barua za shule ambazo wateja waliniletea pamoja na vipimo vya sare. Kwa hiyo ile kazi ilinichukua miezi mitatu. Asubuhi nilishona sare. Mchana, wakati jua limeingia vizuri dirishani, nilivuta meza ya kukatia nguo, nikafungua vitabu vyote viwili, huku mkebe ukiwa katikati. Neno moja lililokuwa likirudi kila ukurasa lilinishinda siku tatu, mpaka mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe akaniambia linamaanisha jina la aliyechapisha.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akipita na beseni la nguo na kusimama. "Bado unazifundisha pesa zilizokufa? Mama, hizo hata fungu la sukuma wiki hazinunui." Siku nyingine aliniuliza kama nimempata yule mfalme, au bado amejificha. Nilicheka ili aende zake.

Nilitengeneza daraja. Ni neno la stoo. Kila mara kiwanda kilipoleta orodha mpya ya vipuri yenye nambari zilizobadilika, mume wangu alikaa na orodha mbili, akachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto aliandika namba ya zamani, kulia mpya, na karatasi hiyo waliiita daraja, kwa sababu mtu huvukia juu yake kutoka orodha hadi orodha. Alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Alisema hatari haiko kwenye namba ambazo hazifanani kabisa. Hatari iko kwenye namba ile ile inayotaja vitu viwili, kwa sababu mtu haulizi. Hizo alikuwa akizipigia mistari miwili chini. Mtu akichukua kiungo cha breki kisichofaa kwa sababu namba ni ile ile, kitaingia mahali pake vizuri tu, na treni itaondoka.

Basi nami nilichora mstari wangu katikati ya karatasi ya kukatia mitindo. Mwandishi wa kitabu kipya alikuwa amepata noti ambazo wa kwanza hakuzijua, akazichomeka mwanzoni, na zote zilizofuata zikasukumwa mbele. Nyingine zilisogea hatua mbili, nyingine tatu, nyingine zilibaki na namba ile ile zikaongezewa herufi. Nilikosea mara nyingi. Kuna kazi ya wiki nzima niliyoifuta kwa sababu nilikuwa nimemchanganya mfalme mwenye ndevu na mwanawe. Lakini nilifika. Noti ya vita isiyo na jina la mchapishaji, katika kitabu cha mzee, ilikuwa nambari thelathini na moja. Katika kitabu cha mume wangu ilikuwa thelathini na nne. Na thelathini na moja ya mume wangu ilikuwa ile ya kawaida, ambayo kwa mzee ni ishirini na nane.

Niliweka penseli chini nikalia mpaka kitambaa kilichokuwa mapajani kikalowa. Hakuiba. Alisoma kitabu chake, mzee akasoma chake. Kila mmoja alisema thelathini na moja na kila mmoja alisema kweli.

Jumamosi hiyo nilirudi Pumwani. Nilimsomea mzee kila mstari wa daraja langu, na yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole chake kikigonga goti kila nilipotaja namba. Nilipomaliza akasema nisome tena ile sehemu. Nikasoma.

"Kwa hiyo yeye alikuwa na kitabu chake."

"Ndiyo, mzee."

"Na changu hakuwahi kukifungua. Hapa nyumbani sikumwonyesha. Sisi wakusanyaji tunafichana vitabu kama wake."

"Hakuwahi," nikasema.

Nalikumbuka neno hilo kuliko yote niliyowahi kusema maishani. Sikulijua. Nilitaka tu liwe kweli, na nililisema kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia.

Mzee alivua kofia akaiweka juu ya yule twiga. Akasema, "Shemeji, nilimnyima rafiki yangu kikao cha mwisho." Kisha akafunika uso kwa mikono iliyojaa vumbi la mbao, na bintiye akaingia ndani asione.

Jumapili iliyofuata alikuja Mowlem akishikwa mkono na binti huyo. Aliomba majirani waitwe. Alisimama mahali pale pale aliposimama mjumbe wake, akasema alisema neno baya hapa juu ya mtu safi, na sasa analirudisha. Jirani yangu wa beseni alilia kuliko mimi. Tulikunywa chai. Nililala siku hiyo kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani, na kwa siku kumi hivi nikawa na mume tena.

Niliamua kumpa mzee kile kitabu kipya. Hangeweza kukisoma, lakini nilitaka kiwe kwake, vitabu vyote viwili kwenye rafu moja. Lile jalada la kalenda lilikuwa limechakaa na lina alama za mafuta. Nilipata kalenda safi kwa mwenye duka, nikaanza kulitoa la zamani ili nikifunike upya.

Chini ya mkunjo wa kalenda, upande wa ndani wa jalada lenyewe, palikuwa na karatasi iliyogundishwa kwenye pembe nne. Stoo ndivyo wanavyofanya. Daraja hugundishwa ndani ya jalada la orodha mpya ili lisipotee. Nilikuwa nimelijua hilo miaka kumi na tisa, na hapo ndipo mahali pa kwanza ningepaswa kutazama. Sikutazama. Siwezi kusema kwamba sikufikiria. Nadhani mkono wangu ulifikiria na ukaacha.

Mstari katikati. Kushoto namba ya zamani, kulia mpya. Mwandiko wake, ule wa herufi zinazolala. Kazi yote niliyofanya miezi mitatu, na makosa niliyofuta, na wale wafalme, yeye alikuwa ameimaliza kwa ukurasa mmoja bila kufuta hata mara moja. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya fomu ya maktaba ya mjini ya kuomba kitabu cha kusomea humo humo ndani, na mbele ya fomu, nilipoibandua, kwa mwandiko ule ule, lilikuwa jina la katalogi ya zamani. Juu kulia aliweka tarehe kama alivyozoea kazini. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka.

Chini ya thelathini na moja alikuwa amepiga mistari miwili.

Nilimtafutia njia. Nilisema labda alisahau. Nilisema labda alitaka kumwambia mzee na chapati zikaiva. Nilisema alikuwa mgonjwa tayari, ini likiwa baya huchanganya kichwa. Nilisema noti yenyewe ni karatasi tu, na mzee ameshasamehe, na marehemu hawezi kujibu, na ni nani atakayeumia nikilitia hili kwenye jiko. Nililishika juu ya makaa mara mbili. Mara ya pili pembe moja iligeuka kahawia.

Nilikaa nalo wiki tatu. Nilikuwa nikishona na kufumua. Mteja mmoja alirudisha kaptula yenye miguu miwili ya kushoto, akaniuliza tangu lini mwanawe hana mguu wa kulia. Kila nilipokumbuka mzee akisimama mbele ya majirani na kusema mtu safi, nilisimamisha cherehani. Sikuwa na uchungu na mume wangu, hilo lilikuja baadaye, na lilikaa miaka. Wakati ule nilikuwa tu na aibu, kama mtu aliyevaa nguo ya mwingine na kusifiwa.

Nilichukua ile karatasi, vitabu vyote viwili, na florini ndani ya plastiki yake, nikatembea.

Mzee alijua hatua zangu. "Karibu shemeji," akasema kabla sijafika, akamwambia bintiye alete kiti. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitazungumza habari nyingine.

Nilimwambia niliposema hakuwahi kukiona kitabu chako, sikuwa najua. Nilimwambia kuhusu fomu ya maktaba, na tarehe, na mistari miwili na maana yake stoo. Nilimwambia msamaha ulioniomba haukuwa wangu kuupokea, na ninaurudisha. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

Alichukua ile karatasi, akapitisha kidole juu yake kama mtu anayetafuta ufa kwenye mbao. Hakuona kitu, lakini aliikunja kwa uangalifu akanirudishia.

"Aliniona macho yanakufa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na wale wa Mowlem niliosimama mbele yao?"

Nikasema nitawaambia. Niliwaambia, Jumapili hiyo hiyo, baada ya kanisa. Jirani yangu alinitazama kama aliyenikuta nikifukua kaburi, na kwa muda mrefu hakupita tena mlangoni kwangu na beseni lake.

Kisha nikatoa florini. Nikamwambia hii ni ya baba yako, ichukue, hatukuwa na haki nayo. Nikamwekea mkononi. Aliitoa kwenye plastiki, akaipapasa kingo zote nne, akaisogeza puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaigeuza upande wa pili akajaribu huko.

"Haina ugoro," akasema.

Nilimwambia ilioshwa. Nilimwambia niliiona kwa macho yangu ikikauka dirishani. Aliendelea kuishika, kidole gumba kikipita na kurudi juu ya kichwa cha mfalme ambaye hakuweza kumwona. Binti yake alisimama mlangoni na kile kiti, hajui akiweke wapi.

"Nitajuaje ni yenyewe, mama?"

"Nakupa neno langu, mzee."

Aliinyoosha noti juu ya goti lake, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa asichokusudia kukinunua.

"Na yeye alinipa lake," akasema.

Hakunirudishia, wala hakuiweka mfukoni. Aliiacha pale gotini, akapapasa chini akitafuta msasa wake, akaendelea na kazi. Nilisubiri kidogo. Kisha niliviweka vitabu vyote viwili kwenye kiti ambacho binti alikuwa bado amekishika, nikaaga, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Noti ilikuwa bado juu ya goti, na vumbi la mbao lilikuwa limeanza kuiangukia.